Ndoano Iliyobaki Juu

Tangu utotoni walimwita Mpekuzi, na jina halikumkosea. Mji ule wa machimbo, juu mlimani, ulikuwa umehamwa zamani, naye alichungulia kila nyumba: hapa jiko limejaa majani makavu, pale kitanda cha chuma kimeachwa peke yake. Mama yake alisimama barabarani, mikono kiunoni.

"Umeridhika? Twende zetu."

"Bado, Mama. Chumba cha kubadilishia nguo kiko wapi?"

"Kile cha wanaume. Mwanamke hakanyagi."

"Wanaume wenyewe wako wapi?"

Mama akaonyesha kwa kidevu.

Mpekuzi alitaka kujua jambo moja tu. Siku shimo lilipoporomoka, msimamizi alisema baba yake alikuwa ameshatoka, akaenda zake. Nyumbani viatu vyake vizuri havikuonekana. Lisemwalo lipo, wakadakia wambea: kafuata mwanamke. Midomo ya watu haina likizo! Wiki ileile watu wote wakahamishwa, na Mama akaondoka na uchungu wake.

Ndani, minyororo ilining'inia kutoka darini, kila mmoja na ndoano yake. Baba alimsimulia zamani: mchimbaji akiingia shimoni, huvuta juu nguo zake za nyumbani zisichafuke, akitoka huzishusha, akapandisha za kazi. Ndoano nyingine zilikuwa tupu, nyingine zimebeba magwanda yaliyokakamaa kwa tope. Moja tu ilikuwa na koti.

Mnyororo wake ulishika kutu. Mpekuzi akaushika, akajibwaga nao kwa uzito wake wote, mpaka furushi likamwangukia na vumbi lake. Koti la kijivu, kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Ndani yake, viatu vizuri.

Alitoka nje nalo. Mama akakigusa kile kifungo.

"Uzi mweusi ulikuwa umeniishia," alisema, akakaa chini palepale barabarani.

"Hakwenda popote, Mama. Hakutoka shimoni."

Mama aligeuzageuza viatu, mara akashika kichwa. "Vile vya kila siku nilivipeleka mwenyewe kwa fundi, soli zilibanduka. Asubuhi ileile! Nilisahau vipi, mwanangu? Miaka yote hii namtukana mtu wa watu."

Akalia bila kujificha. Alipotulia, akavipangusa viatu kwa pindo la gauni lake, akainuka, akauvuka ule mlango wa wanaume.

"Nionyeshe ndoano yake," alisema.