Mawimbi ya Apolonia

Siku ya tatu ya matanga, Apolonia alikuwa bado hajatoa mikono nje. Alikaa mkekani katikati ya wanawake, miguu ameinyoosha, mikono yote miwili ameificha ndani ya khanga. Chai alinyweshwa, uji alilishwa. Waliokuja kutoka mbali walidhani ni uchungu tu wa kufiwa na mume. Wa palepale Runzewe walijua kilichofichwa, na ndiyo maana Vumilia alipotokea mlangoni mwa ua, maongezi yalikatika ghafla.

"Shikamoo, mayu," alimwamkia Mbuke, mama mzazi wa marehemu.

Mbuke alitazama pembeni. Marahaba haikutoka.

Vumilia alibaki amesimama na mfuko wake wa plastiki. Hakuleta unga wala sukari kama wafanyavyo watu wenye adabu zao waendapo msibani. Alileta pamba na chupa ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Apolonia alikuwa amemtuma mtoto asubuhi kumwambia: aje, na asisahau dawa yake.

Na tuseme ukweli, hata kama ukweli wenyewe haumsaidii mtu sasa: kazi ya Vumilia ilikuwa nzuri. Alianza kama wapaka rangi wengine wote, nyekundu ya harusi na nyekundu ya sikukuu, mpaka siku alipoingia dukani kwa mzee Fazal, muuza pampu za maji, kuomba chenji. Ukutani palikuwa na kalenda iliyotoka Japani pamoja na shehena ya pampu. Kila mwezi ulikuwa na picha yake. Mlima uliosimama peke yake chini ya mbingu ya machweo. Korongo wawili juu ya kitu cheupe alichokuja kuambiwa ni theluji. Watu wameinamisha miavuli darajani. Na bahari imeinuka, wimbi limejikunja, povu lake limechanika vipande vipande. Vumilia alisahau chenji.

"Zimechorwa na nini hizi, mzee?"

"Hazikuchorwa," Fazal alisema, akavua miwani. "Ni mihuri ya mbao. Kule kwetu Kachi, India, babu yangu alipiga nguo chapa hivihivi. Muhuri wa mistari kwanza, halafu kila rangi na muhuri wake. Ukiwa na haraka, rangi ya pili ikaikuta ya kwanza mbichi, umeharibu zote."

Mwaka ulipokwisha, mzee alimpa ile kalenda. Vumilia akaokota ndala zilizokatika, akaanza kuchonga soli zake kwa wembe, mihuri midogo kama punje za mahindi. Kila muhuri aliukata pembe moja, apate kujua pa kuuelekeza, rangi isije ikatoka nje ya mstari. Miezi minne alijipigia kucha zake mwenyewe na kufuta, akapiga tena na kufuta tena. Siku mlima ulipokaa sawasawa kwenye kidole gumba, alipiga ukelele, na jirani yake muuza maandazi akaja mbio na fimbo akidhani kuna nyoka.

Rafiki yake Apolonia ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza. Vidole kumi, milima kumi. Na wiki ileile, duara la mumewe Maduhu, shimo la machimbo ambalo wenzake walikwisha kulisusa, likatema dhahabu.

Nani alisema wa kwanza kwamba ni mlima? Hajulikani. Ila hadi siku ya gulio habari ilikuwa imefika kila duara, na wake za wachimbaji walipanga foleni kibandani kwa Vumilia kama wanaosubiri kisima. Mlima, mlima, mlima. Korongo hakuna aliyewataka, wala daraja. Mbuke mwenyewe alimleta binti yake, aliyeolewa na mchimbaji, akainama na kuuliza kwa sauti ya chini, "Niambie kweli, mwanangu. Kuna dawa ndani ya hii rangi?"

Vumilia hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alitabasamu tu, akashika kidole kinachofuata.

Lile tabasamu! Laiti angeweza kulirudisha. Lakini wakati ule lilikuwa tamu. Kwa mara ya kwanza maishani watu walimpisha njia, walimwita fundi, walimwekea kiti. Alijiambia kwamba hajamdanganya mtu yeyote.

Kisha mwaka tisini na saba ukaishia kwenye mvua zile ambazo kila mtu anazikumbuka. Apolonia alikuja kibandani siku moja, ndala mkononi, matope hadi magotini, anacheka.

"Nimechoka kufanana na wanawake wa Runzewe nzima. Leo nipigie yale maji."

Vumilia aliichukua mihuri papo hapo. Wimbi lilihitaji mihuri minne kwa kila ukucha, na alikuwa amelichonga mwaka mzima bila mtu wa kumpigia. Alianza asubuhi, akamaliza jua likiwa limevuka utosi. Vidole kumi vilipopangwa pamoja, bahari ilitembea kutoka mkono hadi mkono. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Hata leo anajua hivyo, na hana wa kumwambia.

Siku ya nne baada ya hapo maji yalivunja ukuta wa duara. Pampu ilizidiwa. Watu watatu walivutwa kwa kamba wakatoka. Maduhu hakutoka.

"Njoo ukae hapa," Apolonia alisema sasa kutoka mkekani.

Vumilia alipita kati ya wanawake, wakavuta nguo zao zisimguse. Alipopiga magoti, Apolonia alifunua khanga. Mawimbi yalikuwa mazima, hata moja halijabanduka, na mama mmoja nyuma akaguna kwa hofu.

"Wanasema niliyaita maji kwa mikono yangu," Apolonia alisema.

"Ni rangi tu. Uliniona nikiichanganya."

"Mimi nilikuona. Waambie wao."

Vumilia aligeuka. Sauti ilimtoka nyembamba. "Mama zangu, dada zangu, ni rangi tu. Haina kitu ndani."

"Na ule mlima?" Mbuke aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo kumtazama usoni, na macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu. Ungesema siku ile kwamba ni rangi tu, leo ningekuamini. Mwanangu amekufa, ndipo unasema."

Vumilia alilowesha pamba, akauchukua mkono wa rafiki yake na kuanza kusugua. Pamba ikawa ya bluu. Alichukua nyingine.

"Maduhu aliyapenda," Apolonia alinong'ona bila kuinua kichwa. "Asubuhi ile alikwenda kuchota maji mwenyewe, ndoo mbili, nisije nikayaharibu. Watu walimcheka njiani."

Vumilia alilia palepale, na hakuna aliyemwambia pole. Kidole cha kumi kilipobaki kitupu, Apolonia alirudisha mikono ndani ya khanga.

"Usirudi hapa tena, mwenzangu," alisema taratibu.

Miezi mitatu kibanda kilikaa bila mteja. Watu walivuka upande wa pili wa barabara. Muuza maandazi alihamisha jiko lake. Vumilia alikuwa anafunga mizigo arudi kwao Didia, pale mwanamke mmoja aliposhuka kwenye lori la mizigo, mtoto mgongoni, akaulizia njia mpaka akafika. Alitoka Mwakitolyo. Mumewe alikuwa anaanza kuteremka duara jipya Jumatatu.

"Wewe ndiye dada wa mlima?"

"Ni rangi tu, dada," Vumilia alisema haraka. "Haina dawa, haina bahati. Baada ya wiki mbili inabanduka. Rudi nyumbani."

Mwanamke alimtazama. Aliweka mkono wake mezani. Kucha zilikuwa zimevunjika kwa kuponda mawe, na moja ilikuwa nyeusi.

"Wenzangu wote uliwapigia," alisema. "Mimi nimekukosea nini hata uninyime?"

"Sikunyimi. Nakwambia kweli."

"Tafadhali, dada. Mume wangu ana watoto wanne."

Mkono ule haukuondoka. Mihuri ilikuwa imekwisha kufungwa kwenye kitambaa, na kitambaa kilikuwa palepale, karibu na kiwiko cha Vumilia.