Nakala ya Ziada

Mwenye duka la fotokopi mkabala na hospitali, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mashine, hakuwa mbea. Kwa miaka kumi na minne karatasi za watu zilipita mikononi mwake: talaka, majibu ya vipimo, barua za kuomba kazi na za kuomba radhi. Alizilaza kwenye kioo, akabonyeza, akatazama nje mpaka mashine imalize. "Macho yangu ni ya kuangalia kama imekaa sawa," alizoea kusema. "Maneno ni ya mwenyewe."

Asubuhi moja akaingia Ofisa Usalama wa mtaa, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na barua yenye mhuri. Kuanzia Jumatatu, kila karatasi inayopita pale itolewe nakala moja ya ziada, itiwe kwenye boksi, na boksi lifike ofisini kila Ijumaa.

"Hata za hospitali?" Mama Mashine aliuliza.

"Hata hizo. Mwenye mikono safi haogopi kuionyesha, dada yangu."

"Na wateja niwaambieje?"

"Kwani nani amekutuma uwaambie?"

Leseni yake ilitoka ofisi ileile. Akajitia hamnazo. Wiki ya kwanza aligeuza uso kila alipodondosha karatasi kwenye boksi. Wiki ya nne hakugeuza tena, na hilo ndilo lililokuja kumuumiza zaidi baadaye.

Mwezi wa tatu akaja shemeji yake, mume wa mdogo wake, seremala. Wakati huo palikuwa na agizo kwamba watu zaidi ya watano wasikae pamoja mahali pa wazi bila kibali, na karakana ya shemeji ndiko wanaume wa mtaa walikopumzikia baada ya kazi. Walikuwa wameandika barua ya kuomba agizo liondolewe, wakatia sahihi watu arobaini na mmoja.

"Nitolee tatu, shemeji," alisema. "Moja ya kupeleka, moja ya kwetu, moja ya akiba."

Akatoa tatu. Kisha akasimama na kidole juu ya kitufe. Mashine ilikuwa na hesabu yake ndani, na Ofisa alikuwa akija kuisoma na kuilinganisha na boksi. Shemeji alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Mama Mashine akabonyeza mara ya nne.

Wenye barua hawakuwa wameipeleka bado, wakisubiri sahihi ya mzee mmoja aliyekuwa safarini, walipoanza kuitwa na Ofisa. Mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio uleule wa sahihi. Shemeji alikaa ndani siku sita. Alipotoka, karakana ilikuwa na kufuli lisilo lake. Hakwenda nyumbani, alikuja moja kwa moja dukani.

"Walinionyesha ile barua," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ina mstari mweusi upande wa kulia, juu mpaka chini. Mashine yako imekuwa ikichora mstari huo tangu mwaka jana. Nilikwambia mwenyewe uitafutie fundi."

Mama Mashine alikitazama kioo cha mashine.

"Mdogo wako sijamwambia. Utamwambia wewe."

Akaondoka. Ilikuwa Ijumaa. Mama Mashine alichukua boksi akaenda nalo ofisini, akiwa amekusudia kumpigia Ofisa magoti amrudishie shemeji karakana yake. Mlango ulikuwa wazi. Ofisa na makarani wawili walikuwa wanakula mayai ya kuchemsha, wamemenya maganda juu ya rundo la karatasi. Karani mmoja alikuwa amesimama anasoma kwa sauti ya kubana pua, akiigiza mwanamke. Yalikuwa maelezo ya mkunga wa hospitali, mteja wa duka, aliyoiandikia mahakama kueleza kwa nini hawezi tena kulala kitanda kimoja na mumewe. Wenzake walicheka mpaka wakafuta machozi. Ofisa alinyoosha mkono, akaichukua ile karatasi, akajipangusia kiini cha yai vidoleni.

"Karibu, dada yangu," alisema, mdomo umejaa. "Za leo zina utamu?"

Mama Mashine aliyatazama yale meno yenye unjano, akahisi kinyaa kama aliyekanyaga kitu kibichi pekupeku. Ila kinyaa hakikuishia kwao. Chakula kile alikipakua yeye, akakibeba mwenyewe kila Ijumaa.

Hakupiga magoti. Aligeuka na boksi lake mkononi, Ofisa akimwita, akalichoma lote nyuma ya duka. Jumatatu akabandika karatasi mlangoni: HAPA SERIKALI ILIKUWA INACHUKUA NAKALA YA KILA MNACHOLETA. MIMI NDIYE NILIYEWAPA. Ilikaa hadi saa nne. Walikuja watu watatu na gari, wakabeba mashine, wakamnyang'anya leseni, naye wakamweka ndani wiki mbili.

Alipotoka alianza kupita nyumba kwa nyumba, kwa wote aliowakumbuka. Wengine walimfungia mlango. Mwanamke mmoja alimtemea mate miguuni, naye hakuyafuta. Mdogo wake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nenda, dada. Nenda tu," akarudi kuchambua mboga.

Mkunga alikuwa anaanika mashuka. Mama Mashine alimweleza yote, hata la mayai, kwa sababu aliona kuficha nusu ni kuiba mara ya pili.

Mkunga alibana shuka la mwisho kwenye kamba, polepole.

"Ndiyo maana yule karani huniita kwa sauti ile nikipita," alisema. "Nilidhani mume wangu ndiye aliyenitangaza. Mwezi mzima namlaani kwa asilolifanya."

"Nisamehe, mama."

"Siwezi leo." Aliinua beseni tupu, akaliegemeza kiunoni. "Lakini Alhamisi nasimama mahakamani, nitamwambia hakimu maneno yangu yamezagaa, naye ataniuliza karatasi zangu zimefikaje mikononi mwa watu. Utakuja umwambie?"

"Saa ngapi?" Mama Mashine aliuliza.