Kizunguzungu cha Mwanjelwa

Asukile alikuwa fundi wa mikokoteni ya ng'ombe, na hapakuwa na njia ya vumbi kuzunguka Mbeya ambayo magurudumu yake hayajaipita. Kwa hiyo mwaka wa hamsini na sita, alipochukuliwa kwenda Iringa kwa kazi ya wiki mbili kwenye maonyesho ya wakulima, hakuna aliyeshangaa. Kazi yenyewe ilikuwa kufunga bembea ya kuzunguka, mali ya mzungu mmoja aliyetembea nayo nchi hadi nchi kwa malori matatu. Ilikuwa na farasi wa mbao ishirini na wanne, wekundu wenye hatamu za rangi ya dhahabu, injini katikati, na kinanda kilichojipiga chenyewe.

Nati zote alizikaza Asukile. Siku ya kufungua maonyesho, asubuhi na mapema, alimwomba mwenye mali ampandishe mara moja tu, aone kazi ya mikono yake inavyokwenda.

"Wewe ni wa kufunga," yule mzungu alimjibu. "Kufunga na kufungua. Kupanda ni kwa wageni."

Alisema hivyo bila hasira yoyote, kama mtu anayekwambia mlango uko upande gani. Hilo ndilo lililomkaa Asukile kooni. Laiti angetukanwa, angejua la kufanya.

Wageni walikuwa wazungu na watoto wao. Watu wengine wote, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, wenye maduka na wenye majembe, walisimama nyuma ya kamba wakitazama. Siku nne walitazama. Siku ya tano Asukile alizifungua nati zilezile, akapanda lori la kurudi Mbeya, safari ya siku mbili. Kichwani mwake alikuwa akichonga.

"Unataka kutengeneza nini?" mkewe Sekela alimuuliza alipomweleza.

"Bembea ya kuzunguka. Ndogo. Ya kwetu."

"Yaani mkokoteni usiokwenda popote."

"Ndiyo huo."

Sekela alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa na ncha. "Basi uwe imara, Baba Isakwisa. Watu wakianguka, watakuja kulia kwangu."

Asukile alikwenda kwa Muharami mhunzi, ambaye baba yake alipanda huku na misafara ya biashara kutoka pwani akashindwa kurudi kwa ajili ya mwanamke. Muharami alikuwa na ekseli ya lori bovu, na beringi zake zilikuwa bado nzima. Walizika gurudumu moja ardhini, ekseli ikasimama wima kama nguzo. Juu yake, kwenye gurudumu la pili, wakafunga mikono minne ya mninga. Kila mkono ulibeba mnyama.

"Farasi hapana," Muharami alisema. "Mimi hapa Mbeya sijaona farasi hata mmoja. Nani atampanda mnyama asiyemjua? Chonga ng'ombe."

Akachonga ng'ombe dume, mwenye nundu ya kuegemea. Akachonga pundamilia, mbuni na simba. Simba alimpa taabu, kwa kuwa alimwona mara moja tu, tena kwa mbio, na aliyekuwa akikimbia ni Asukile. Ilimchukua miezi tisa, akiiba saa kati ya mikokoteni ya watu. Siku ya kuijaribu, uani kwake, alikaa yeye mwenyewe juu ya ng'ombe na Sekela akasukuma. Mzunguko wa kwanza alishika nundu kwa mikono miwili. Wa tatu aliiachia. Sekela alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwona mumewe akicheka na mdomo wazi namna ile tangu waoane.

Waliifungua siku ya Idd Kubwa, mwezi wa saba, kwenye uwanja wa wazi ulio kando ya soko la Mwanjelwa. Muharami ndiye aliyechagua siku hiyo. Waislamu wa mjini wangekuwa wamevaa vizuri wakitafuta pa kwenda, na watu wa milimani wangeteremka na viazi vyao kama kawaida. Baridi ilikuwa kali, ile inayopasua midomo, na upepo wa mlima Loleza ulikuwa ukirusha vumbi jekundu juu ya kanzu nyeupe.

Watu walikuja wengi. Walizunguka ile bembea, wakaipapasa, wakaipiga kwa vidole kusikia mti gani. Hakuna aliyepanda.

"Huyu ni mbwa," mtu mmoja alisema mbele ya simba.

"Mbwa wa hapa sokoni kabisa. Mimi namjua mwenyewe."

Wakacheka. Saulo, mzee wa kanisa, aliuliza kwa sauti ya kusikika kama ni jambo la heshima mtu mzima kukalia mnyama wa mti mbele ya wakwe zake. Lakini aliyemchoma Asukile hasa ni Liberatus.

Liberatus alikuwa karani wa ghala la kahawa, Mhehe wa Iringa, kijana mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni. Kila mtu alijua ugonjwa wake. Alipenda mabembea kuliko watu wengine wanavyopenda ngoma. Picha za viwanja vya michezo vya Ulaya alizikata kwenye magazeti ya zamani akazibandika ukutani, na kila maonyesho ya Iringa aliomba ruhusa kazini aende akatazame. Asukile alimngojea huyu kuliko wote. Liberatus aliizunguka bembea mara tatu, mikono nyuma.

"Iringa ni farasi ishirini na wanne," alisema. "Hapa wako wanne."

"Ndiyo."

"Na wale hupanda na kushuka wakati wanazunguka. Hawa wamekaa tu. Na kinanda kiko wapi?"

"Hakuna kinanda."

"Na masikio ya pundamilia hayalingani."

Yote yaliyosemwa yalikuwa kweli. Asukile alishika mpini wa kusukumia, akautazama kama mtu aliyeshika jembe kwenye mwamba.

Hapo ndipo Damari aliposhusha kikapu chake. Alikuwa mama aliyepita makamo, kutoka mlimani, mjane, mwenye shamba la maharage ng'ambo ya kijito, na migongo ya mikono yake ilikuwa imepasuka kwa baridi. Alijifunga kitenge vizuri, akamwendea ng'ombe dume.

"Huyu namjua," alisema. "Mwanangu, nishike mkono."

Asukile alimpandisha, akasukuma. Mninga ulilia kidogo, beringi zikashika, na yule mama akaanza kwenda. Mzunguko wa pili kilemba chake kilifunguka, hakukifunga. Wa nne akapiga kigelegele kilichowafanya wauza viazi wa upande wa pili wa soko wageuke. Aliposhuka aliyumba, akamshika Muharami bega.

"Nimezunguka!" alisema. "Basi na mimi leo ni mzungu!"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Tangu saa hiyo mpaka alasiri wanyama wanne hawakukaa watupu. Wanawake wa Idd waliovaa kanga mpya walipanda wawili wawili, wakaimba wenyewe pale palipokosa kinanda. Mwanakhamisi, mke wa Muharami, alimpanda simba na kutangaza kwamba mbwa au simba, anakaliwa vizuri. Watu waligombania mbuni. Kufikia jioni kitu kile kilikuwa kimeshapata jina, Kizunguzungu, na waliokipanda asubuhi walikuwa wakiwaelekeza wapya namna ya kukaa, kama waliozaliwa juu yake. Liberatus hakupanda. Lakini hakuondoka pia.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, lilikuja Land Rover. Alishuka mzungu wa viwanja, ambaye kazi yake ilikuwa kupima na kugawa ardhi ya mji, na askari wawili nyuma yake. Damari alikuwa juu ya ng'ombe. Alikuwa ameacha kazi zake kuja tena.

"Nani mwenye kitu hiki?"

"Mimi, bwana," Asukile alisema.

"Kiko kwenye ardhi ya mji bila kibali. Tena ni hatari. Kibomolewe kabla ya saa sita. Watu wakitaka bembea, ipo ya Iringa, nzuri, salama. Wasubiri maonyesho."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya watu.

"Ile ya Iringa haturuhusiwi kuipanda, bwana."

Ni Liberatus. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, kalamu zake mbili kifuani.

"Mimi nimesimama kwenye kamba miaka mitatu," alisema. "Naijua kuliko waliopanda. Naweza kukwambia farasi gani ana ufa shingoni. Lakini sijui inavyokuwa ukiwa juu yake. Hapa kwa fundi ni pundamilia mwenye masikio mabaya, na anayetaka anapanda."

"Wewe ni karani wa nani? Jina lako?"

Watu wa karibu walimvuta shati. Liberatus aliitoa mikono yao, akataja jina lake, la baba yake, na ghala analofanyia kazi. Askari mmoja alipokosea kuliandika, alimtajia herufi moja moja mpaka akalipata.

Yule mzungu alimgeukia Damari. "Mama, shuka."

"Nitashuka mzunguko ukiisha," Damari alisema. "Bado haujaanza. Mwanangu, sukuma."

Asukile alihisi macho ya uwanja mzima mgongoni. Aliona pingu kwenye mkanda wa askari. Akamwona Sekela pembeni, amefumbata mikono, akajua kwamba hatamwambia asukume wala asisukume. Wazo lililomjia halikuwa kubwa, ila kwamba safari hii kuna mtu mwenye hasira mbele yake, na kwa hasira anajua la kufanya.

Alisukuma. Aliuegemea mpini kwa kifua chote. Mzunguko wa kwanza Damari alipita mbele ya yule mzungu akitazama mbele. Wa pili hivyohivyo. Mwanakhamisi akaanza kupiga makofi, taratibu, wengine wakafuata, na makofi yale yakawa mazito kuliko wimbo. Mzunguko wa tano Asukile aliishika bembea ikasimama, akampa mama mkono. Damari alishuka mwenyewe, akajitengeneza kitenge.

"Sasa umeisha," alisema.

"Saa sita," mzungu alisema, uso mwekundu. "Ikibaki hapa, nitaichoma moto na wewe utalala ndani."

"Mpaka wa mji uko wapi, bwana?" Asukile aliuliza.

"Nini?"

"Umesema ni ardhi ya mji. Naomba kujua inaishia wapi, nisikosee tena."

Yule mzungu hakuwa mjinga, aliona swali linakoelekea. Lakini alikuwa mtu wa vipimo, na uongo wa vipimo ulimshinda. Akanyoosha mkono kuelekea jiwe jeupe la mpaka, kando ya kijito.

Damari alicheka kwanza. "Ng'ambo ya jiwe ni shambani kwangu. Maharage nimeshavuna."

Hakuna aliyewapanga watu. Muharami alizitoa bolti, na kabla hajafika ya mwisho wanaume walikuwa tayari wamebeba mkono wa kwanza. Wanawake sita walimchukua ng'ombe. Mwanakhamisi na shoga zake walimbeba simba juu juu kama bibi harusi. Ekseli na gurudumu lake viliwashinda watu wanane, wakaongezeka wanne. Saulo mzee wa kanisa alitazama, akavua koti lake, akalikunja vizuri, akaingiza bega chini ya chuma. Walipita katikati ya soko mchana kweupe, mbele ya Land Rover, wakateremka mpaka kijitoni na kuvuka maji ya baridi yakiwafika magotini.

Liberatus alikuwa amembeba pundamilia peke yake mgongoni.

"Nimesema na narudia," alihema alipomfikia Asukile. "Masikio hayalingani."

"Nimesikia."

"Sitanyamaza eti kwa sababu nimekubebea."

"Wala usinyamaze," Asukile alisema.

Saa sita na robo Kizunguzungu kilikuwa kikizunguka tena, hatua kumi na tano kutoka kwenye jiwe jeupe. Mzungu wa viwanja alikuja kusimama upande wake wa jiwe. Alitazama muda mrefu. Kisha akaondoka. Wiki iliyofuata alituma watu na mnyororo wa kupimia, wakapima mara mbili, na hatua zikabaki kumi na tano.

Yote hayakwisha vizuri. Liberatus aliachishwa kazi mwisho wa mwezi, kwa barua ya mistari miwili. Aliisoma kwa sauti pale shambani, akaikunja, akasema imeandikwa vibaya. Asukile alitaka kumwomba radhi, lakini Liberatus alimkataza.

"Sikusema kwa ajili yako. Nilisema kwa ajili yangu."

Alianza kufanya kazi na Asukile siku iliyofuata, akiwapanga watu na kuandika barua zao za kiserikali chini ya turubai. Mara ya kwanza kupanda alichagua mbuni. Hakucheka wala hakupiga kelele. Alifumba macho mizunguko yote, na aliposhuka alikwenda akakaa peke yake kando ya kijito, na watu wakawa na adabu ya kutomfuata.

Habari zilifika mbali. Walikuja watu wa Chunya, wa Tukuyu, hata mfanyabiashara mmoja wa Idodi aliyetembeza siagi, wote wakisema kwanza kwamba ni kidogo, kisha wakiuliza foleni inaanzia wapi. Na kila aliyeshuka alikuwa na neno. Wengine walitaka kiende kasi zaidi, wengine taratibu. Mwezi wa kumi, msimu wa kulima ulipokaribia na Damari alipokuwa akitazama wapi atapanda maharage yake mwaka huo, wapenzi wa Kizunguzungu walikaa kikao pale pale shambani, kudai mnyama wa tano.

"Kiboko," walisema watu waliotoka kando ya ziwa.

"Punda!" Mwanakhamisi alisema. "Punda ndiye anayetufanyia kazi."

"Mikono ni minne," Asukile alisema. "Wa tano atakaa wapi?"

"Hilo ni la fundi," Damari alimjibu, na watu wote wakaitikia.

Asukile aliwatazama, wamekaa kwenye matuta ya shamba lisilo lao, wakibishana kwa sauti kuhusu kitu walichokibeba kwa mabega yao. Akachukua tezo lake akaanza kulinoa.

"Leteni mti kwanza," alisema. "Mninga. Na muafikiane kabla sijaanza, mimi sichongi kiboko mwenye masikio ya punda."

Hawakuafikiana siku hiyo, wala iliyofuata.