Kengele ya Kumtembeza Korane

Mwaka sitini na saba, serikali ilipotukusanya ndani ya seng'enge nje kidogo ya Garissa ili tusiwalishe mashifta, waasi wa porini, mume wangu Korane alipoteza ngamia wake wote, akapata tumbo. Watu walimpongeza kwa tumbo.

Lilikuwa tumbo la kupongezwa, nisiseme uongo. Mtu aliyefuata ngamia miaka arobaini sasa alishinda mlangoni, chai ya sukari tele mkononi na ugali wa msaada pembeni. Baada ya miezi minane kikoi kikawa hakimzunguki. Wazee wenzake walisema mashallah, Ebla anajua kulisha. Mimi nilimsikia akihema akiinama kuvaa viatu. Nilimsikia pia akiwaita ngamia wake kwa majina, mchana kweupe, na ngamia hawapo. Niliogopa sana.

Salat, dresa wa zahanati, alimpima akakunja uso.

"Adeer, mzee wangu, moyo wako umechoka kubeba hilo tumbo. Na huzuni nayo inakumaliza. Tembea kila siku, la sivyo utamwacha Ebla mjane."

Atembee wapi? Akazunguka seng'enge kwa ndani. Mzunguko wa tatu askari wakamshika.

"Unapima ua wetu, mzee? Nani amekutuma?"

"Natembeza tumbo yangu, afande."

Walicheka mpaka machozi, kisha wakamfungia siku mbili. Hata majirani zangu waliona askari wana haki: mwanamume anayetembea bila mnyama mbele yake ama ni jasusi, ama ameingiwa na jini.

Alipotoka nilimkabidhi mbuzi wetu wa pekee. Shingoni nilimfunga mbuzi kengele ya mti, ile iliyobaki ya ngamia. Mara moja Korane akawa mchungaji. Alizunguka asubuhi na alasiri, kengele ikigonga, na askari hawakuinua hata macho. Tumbo likapungua. Usingizi ukarudi. Siku moja akanitania kuhusu mapishi yangu, nikaingia ndani nikalia kwa furaha.

Ndipo wazee wakaanza kunong'ona. Korane amekonda, Korane anakufa. Wakaja kumi na wawili, Maalim akiwaongoza, kumwombea dua apate afya, na dua ya namna hiyo haisomwi bila kuchinja. Mbuzi alikuwa mmoja. Salat alifungua mdomo aseme, akazitazama ndevu zilizomzunguka, akaufunga. Korane, kwa adabu zake, akamchinja daktari wake kwa mkono wake mwenyewe. Mafuta yote wakampa yeye, maana ndiye mgonjwa.

Wiki nzima alikaa mlangoni. Siku ya nane akaanza tena kuwaita ngamia.

Niliichukua ile kengele nikajifunga shingoni. Nikatoka kuzunguka seng'enge, mimi, mama wa watoto saba, niliyeolewa kwa ngamia hamsini. Majirani walijifunika midomo. Askari walisikia kengele, hawakugeuka. Kisha nyuma yangu nikasikia viatu vikikokota, na ulimi ukigonga, ule mlio anaowapigia ngamia wakizubaa.

"Korane, unanichunga mimi?"

"Umebaki wewe tu," akasema huku akihema, akagonga ulimi tena.