Miezi Ishirini na Nne Safi

1.

TANGAZO KWA WAAJIRI WOTE

Kitengo cha Motisha kwa Waajiri kinapenda kuwajulisha kwamba mwajiri atakayemchukua Mkosa-Ajira wa Muda Mrefu (kuanzia hapa "MAM") atapewa nafuu ya kodi kwa kila kichwa.

MAM ni mtu ambaye hajafanya kazi kwa miezi ishirini na nne mfululizo.

Kazi ni shughuli yoyote ambayo mtu mwingine angeweza kulipwa kuifanya.

Uthibitisho: Fomu Na. 7, isainiwe na majirani wawili. Afisa atafika bila taarifa kuhakiki.

Nyote mnakaribishwa.

2.

Nimelibandika mimi. Naitwa Kopwe, karani wa ofisi ya kata, mwaka wa kumi na sita huu kwenye kiti kilekile chenye mguu uliofungwa kamba. Nimekwisha kubandika matangazo mengi ya kipuuzi, lakini hebu rudi juu usome maana ya kazi. Isome taratibu.

Umeona?

Aliyeiandika ana mtu wa kumfulia, mtu wa kumpikia na mtu wa kumfungulia geti. Kwake yeye hakuna jambo duniani linalofanywa bure.

3.

Kiwandani, kwenye kiwanda chetu cha juisi ya machungwa, saa nne asubuhi. Nilikuwepo kwa sababu nilipeleka barua. Meneja alikuwa anaongea na fundi Mntambo, jirani yangu wa nyumba ya tatu, aliyeendesha boila lao miaka tisa kabla hawajampunguza.

"Fundi, mimi nakutaka. Boila linatusumbua, hawa vijana hawaliwezi."

"Basi nipo, bosi. Hata kesho."

"Kesho hapana. Una miezi mingapi nyumbani?"

"Ishirini na moja."

"Ehee. Nikikuchukua leo nachukua mtu. Nikikuchukua baada ya miezi mitatu, nachukua mtu na nafuu yake. Kakae. Lakini usiguse kitu, fundi. Usinichafulie miezi yangu."

Miezi *yangu*, alisema.

Mntambo akashukuru. Mtu ana mama mgonjwa ndani, ana watoto watatu, na mkewe ndiye anayekaanga maandazi ya kulisha wote hao. Asingeshukuru angefanyaje? Mimi nilipiga muhuri barua yangu nikaondoka.

4.

MAMBO AMBAYO FUNDI MNTAMBO HAKUYAFANYA

Hakuziba pancha ya baiskeli ya jirani.
Hakuziba pancha ya baiskeli yake.
Hakufagia uwanja.
Hakumwandikia mtu barua, ingawa ana mwandiko mzuri.
Hakumchotea mama yake maji mchana, kwa kuwa bomba liko barabarani na barabara ina macho.
Hakupiga msumari ulioning'inia mlangoni kwake. Aliutazama wiki sita.

5.

(Kipande hiki kilihusu Mtendaji wa Kata. Mtendaji amekisoma.)

6.

Mkewe, Mwanaidi, karai mbele yake, anageuza maandazi:

"Mimi nimeolewa na mwanaume, sasa nina picha. Ameka' pale kwenye kiti toka asubuhi, mikono mapajani. Namwambia baba Shufaa, basi nisukumie hata kuni hii hapa mguuni kwako. Ananiambia kuna watu wanalipwa kusukuma kuni. Nikamwambia wapi? Nitajie hao watu, nikaombe mimi! Usiku analia, Kopwe. Usije ukamwambia nimekuambia."

Nimekuambia wewe. Haya.

7.

Akafa Mzee Singano wa nyumba ya pili.

Kwetu hapa kaburi halina mkandarasi. Akifa mtu, wanaume wanashika majembe na sepeto wanapokezana, na zamu yako ikifika unaingia shimoni. Daktari anaingia, mwizi wa kuku anaingia. Ujirani wetu wote ni huo. Mengine ni salamu tu.

Mntambo, bwana wa utaratibu, aliandika kuuliza kwanza. Barua niliipiga mimi chapa:

*YAH: JE, KUCHIMBA KABURI LA JIRANI NI KAZI?*
*Naomba ufafanuzi wa haraka kwani marehemu anazikwa saa kumi leo.*

Jibu likaja baada ya siku kumi na tisa:

*Rejea barua yako. Katika baadhi ya miji, wachimba makaburi hulipwa. Unashauriwa kujiongoza.*

8.

Makaburini, siku ile ya Mzee Singano. Haya niliyasikia kwa masikio yangu:

"Pokea jembe, Mntambo."

"Samahani, ndugu zangu."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Nimebakisha mwezi na nusu."

"Mwezi na nusu wa nini? Wewe una mimba?"

Wakacheka. Kisha hawakucheka tena. Jafari, mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi zake, alilichukua lile jembe akalishika badala yake, akachimba zamu mbili. Hakumtazama Mntambo. Mpaka mazishi yanaisha hakumtazama.

9.

FOMU NA. 7

*Jina la MAM:* Hoza Mntambo.
*Je, umewahi kumwona akifanya kazi katika kipindi husika?* HAPANA.
*Eleza:* Huyu hajafanya kitu. Hata jembe la msibani tumemwona kwa macho yetu akilikataa. Tunathibitisha kwa moyo mmoja kwamba hafai kwa lolote.
*Shahidi wa kwanza:* Jafari Singano.
*Shahidi wa pili:* Kopwe, karani.

Mntambo alidhani watagoma kusaini. Kugoma! Jafari alikuja mwenyewe ofisini na kalamu yake. Sijawahi kuona mtu akisaini kwa raha namna ile. Nami nikasaini chini yake, nikajiambia namsaidia jirani. Uongo. Nilisaini kwa sababu ilikuwa inakaribia saa ya chai.

10.

Siku nne kabla ya miezi kutimia, alfajiri, akafa mama yake, Bi Mize.

11.

Kuja, walikuja. Pilau halina kinyongo. Wanawake wakajaa ndani, mama akaoshwa, akavishwa sanda. Wanaume wakaenda makaburini, wakatandika mikeka chini ya mwarobaini, wakakaa.

Wakakaa.

Majembe mawili na sepeto moja vilikuwa chini, palipopimwa. Mntambo akawatazama watu thelathini. Watu thelathini wakatazama vidole vyao vya miguu.

"Jamani," akasema.

Mmoja akakohoa. Mwingine, sikumwona nani, akasema, "Na sisi tunatunza miezi."

Hapo ndipo gari la kitengo lilipoegeshwa. Afisa, kijana nadhifu, kishikwambi mkononi. Alikuwa amepitia ofisini akaambiwa kuna msiba. Akasema vizuri, ataonana naye hukohuko. Nikaenda kumpokea, nikamfuata nimeshika mwavuli. Mwavuli wake.

"Mimi sina tatizo na mtu," afisa akasema. "Napiga picha tu ya alichokutwa anafanya. Akiwa amekaa, leo hii cheti kinatoka."

Mntambo alisikia. Kila mtu alisikia. Kulikuwa na kiti cha plastiki kitupu pembeni, wamemwekea mfiwa. Angekaa pale dakika moja tu, picha ikapigwa, na kiwanda kikamfungulia geti siku ya nne, na Mwanaidi akapumzika na moshi.

Na mama alikuwa ndani, na jua lilikuwa limekwisha kupanda, na mama hasubiri.

Akavua shati.

12.

Alichimba peke yake.

Hakuwa amezoea tena. Miezi ishirini na nne kasoro siku nne kwenye kiti, viganja vimekuwa laini kama vya afisa. Damu ikatoka mapema. Nilikuwa naona na nilikuwa nimeshika mwavuli, na ukitaka kunidharau panga foleni, mimi nipo mbele.

Magotini.

Kiunoni.

Afisa alipiga picha tatu. Akagusa kishikwambi, akasita, akaja mpaka ukingoni.

"Samahani, mzee. Hapa kuna mahali pa kujaza. Niandike unafanya nini?"

Jembe likasimama.

"Andika namzika mama yangu," Mntambo akasema kutoka shimoni. "Halafu tafuta kama mmeniwekea kisanduku chake."

Kijana akatafuta. Wallahi alitafuta, alipandisha na kushusha kidole mpaka jasho likamtoka. Kulikuwa na *Kilimo*. Kulikuwa na *Ujenzi*. Kulikuwa na *Uchimbaji*, na kidole kikasimama juu yake.

Chini ya mwarobaini mtu akainuka. Jafari. Alikung'uta kanzu, akaja polepole mpaka kwenye shimo, nami nikadhani anakuja kusaidia. Kumbe akachungulia kina, kama mtu anayekagua kisima alichouziwa.

"Bado," akasema.

Mntambo alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Nasema bado, Hoza. Mwanandani wa kumlaza mama unataka watu wawili."

Akakaa ukingoni, akaanza kuvua viatu.