Siku Tuliyolisikiliza Gari

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Miaka ishirini na saba nimekuwa fundi umeme wa magari, na gari kwangu ni taa, betri, nyaya na lawama za wateja. Kwa hiyo mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kufunga mitandao ya kompyuta maofisini, alipoingia gereji asubuhi ile na begi lake akasema, "Dada, leo tutalisikiliza gari linavyoongea," nilimwambia akanywe maji kwanza, jua limeshampiga kichwani.

"Cheka tu," akasema. "Kesho saa nne si mbali."

Kesho saa nne binti yangu alikuwa ameitwa kikaoni. Yeye ni dereva wa gari la wagonjwa la zahanati, na wiki iliyotangulia gari hilo lilifunga breki ghafla kwenye barabara nyeupe, haina hata kuku. Mgonjwa akaanguka kitandani, akavunjika mkono. Wakubwa wa zahanati wakasema dereva alisinzia, akazinduka, akakanyaga breki kwa kiwewe. Wenzake wakambandika jina, Usingizi. Wangemfukuza, na dereva aliyefukuzwa kwa kusinzia hakabidhiwi tena hata toroli.

Yeye alishikilia neno moja tu, kwamba hakukanyaga. Na mimi, mama yake mzazi, sikumwamini. Nilikuwa nimelipima gari kwa mashine yangu, halikuonyesha kosa hata moja. Breki hazijikanyagi zenyewe, ndivyo nilivyojua.

Gari lilikuwa katikati ya gereji, dashibodi imefunguliwa, binti yangu kwenye usukani hanisemeshi. Mjomba wake alizamisha kichwa chini akavuta waya mwembamba. "Huu unatoka kwenye rada iliyo nyuma ya bampa la mbele. Rada inaangalia barabara. Ikiona kitu, inaiambia kompyuta ya breki. Maneno yote yanapita hapa."

"Hapa? Kwenye nyuzi mbili?"

Nyuzi mbili tu, zimesokotana, nyembamba kuliko za kengele ya mlango. Waya wake wa ofisini una nyuzi nane. Akaukata, akachagua mbili, akaziunga kwa zile mbili za gari, akachomeka kwenye swichi yake, kile kisanduku cha matundu kinachounganisha kompyuta za ofisi. Hakuna taa iliyowaka.

"Bado halijaamka?" nikamchokoza.

"Nilikuwa nahakikisha," akasema. Fundi hakosi neno. Akatoa visanduku viwili vidogo alivyoazima kazini. Upande mmoja vinapokea nyuzi mbili za gari, upande wa pili waya wa ofisini, na kazi yao ni kutafsiri. Kimoja akakielekeza kwenye rada, kingine kwenye kompyuta ya breki. Swichi ikakaa katikati kupitisha maneno, na kompyuta yake pembeni ikitega sikio. Safari hii ikawaka taa ya upande wa rada. Upande wa breki, kimya.

Akahangaika saa nzima, jasho linamtiririka. Mimi nikaokota miwani nikakisoma ubavuni kile kisanduku cha upande wa breki. "Hiki kitufe cha kusogeza kimeandikwa kiongozi na mfuasi. Ndiyo nini?"

"Kwenye nyuzi mbili lazima upande mmoja uongoze mwendo, mwingine ufuate. Ofisini vifaa vinapatana vyenyewe, hatuulizi."

"Umeviweka vipi?"

"Vyote kiongozi."

"Na rada?"

"Mfuasi."

"Na kompyuta ya breki?"

Akafikiri, kisha akajipiga paji la uso. "Kiongozi."

"Basi huko wamekutana wakubwa wawili, nani atamfuata mwenzake?" Nikakisogeza kitufe kwenye mfuasi kwa ncha ya bisibisi. Taa ikawaka.

Jamani! Kioo cha kompyuta kilifurika. Mistari ilimiminika juu kwenda chini, macho hayaishiki, maelfu ya maneno kwa sekunde moja, na gari limesimama tu pale, tena kimya. Mdogo wangu akaweka faili la tafsiri alilopewa na wauzaji wa gari, namba zikageuka maneno. Ukuta, mita sita. Nikapita mbele ya bampa. Kitu kinachosogea, mita mbili nukta nne. Nikarudi nyuma hatua moja. Mbili nukta tisa.

"Linaniona," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo, mimi ninayesikika mtaa wa pili. Miaka ishirini na saba nimekata nyaya za magari na kuziunga huku nikiwatukana waliozifunga, na kumbe kwenye baadhi ya magari hayo rada na kompyuta zinaongea namna hii vidoleni mwangu. Nikasogea mbele na nyuma mara sijui ngapi. Hakuna aliyenicheka.

Tukatoka kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya gereji. Mzunguko wa kwanza salama, wa pili salama. Wa tatu, gari likajifunga breki kwa kishindo, nikagonga bega kwenye kitanda cha wagonjwa. Mbele yetu palikuwa peupe.

Mdogo wangu akasoma kwa sauti, polepole. "Rada: kitu mbele, mita tatu. Kompyuta: funga breki. Pedali: haijakanyagwa."

Binti yangu akainamia usukani akalia. Na mimi nikalia, sina haja ya kuficha.

Mjomba mtu akashuka, akalipapasa bampa, akaligonga kwa ukucha. Likatoa mlio mzito. "Nani alipiga puti hapa?"

Nilikuwa mimi. Mwezi uliopita lilikuja limepasuka. Nikalijaza puti, ule uji mzito unaogandia kwenye ufa, unene wa kidole, nikapiga msasa, nikapaka rangi, nikajisifu kwamba hata aliyelitengeneza kiwandani hataona kiraka. Nilikuwa nimeliziba jicho la rada. Haikuharibika hata kidogo, ndiyo maana mashine yangu haikukuta kosa. Mawimbi yake yaligonga puti yakarudi, ikaona kitu pasipo na kitu; ilikuwa inatazama dunia kupitia ufundi wangu.

"Mama," binti yangu akasema akijifuta machozi, "tutawaambia rada ni mbovu. Inatosha. Zahanati wakijua, hawakuletei tena hata baiskeli."

Kesho yake saa nne nikaingia naye kikaoni, na karatasi za mdogo wangu mkononi. Nikawaeleza yote, na puti nikaitaja, na mkono ulioipiga nikauonyesha. Mwenyekiti akasoma mstari wa pedali mara mbili. Akavua miwani, akamgeukia binti yangu.

"Sasa wewe, kwa nini hukusema tangu siku ile?"

"Nilisema," akajibu. "Niliwaambia ninyi. Jioni nikamwambia mama."

Chumba kizima kikanitazama.

"Aliniambia," nikasema. "Nikamwambia akalale."