Vidole Viwili vya Uzi

Uzi ulining'inia pembeni mwa mdomo wa paka Kestane, urefu wa vidole viwili, mwekundu, uleule ambao Nazmi alikuwa akishonea tangu Jumatatu. Aliushika kwa kidole gumba na cha shahada, akauvuta.

Miaka arobaini na tatu alikuwa akishona mifarishi, na uzi uliolegea huvutwa. Vidole havikumwomba ruhusa. Lakini uzi huu ulikuja kidogo tu, kisha ukagoma, na paka akatoa sauti nyembamba ambayo Nazmi hakuwahi kuisikia kwake. Akauachia kama aliyeshika kaa la moto.

"Fundi, chai!" Hayri muuza chai aliingia na sinia yake inayoning'inia kwa minyororo. "Umepiga magoti? Kama unaswali, kibla kiko upande ule."

"Kameza uzi."

Hayri aliinama. Paka wa kahawia alikuwa amejikunyata juu ya lundo la pamba, macho nusu wazi, mate yakimtoka.

"Na jana alipotapika ukasema ni yale maini ya bucha."

"Nilisema."

"Sasa unangoja nini? Mpeleke kwa Berrin. Aa, nimesahau. Si paka wako."

Nazmi alinyanyuka, akatafuta kitambaa. Miaka tisa alikuwa akisema hivyo kwa kila aliyeuliza. Paka ni wa mtaa. Bucha anampa mabaki, Hayri anampa maziwa yaliyobaki birikani, na kama analala dukani kila siku, ni kwa sababu pamba ina joto. Basi. Mwanamume mzima hagombanii paka.

Alimfunga Kestane kwenye kipande cha bitana, akavuka barabara.

Daktari Berrin alikuwa binti wa mtaa huohuo. Mfarishi wa harusi ya mama yake ulitoka mikononi mwa Nazmi. Alimlaza paka mezani, akamfungua mdomo, akammulika kwa kurunzi. Aliangalia muda mrefu.

"Uzi umejizungusha chini ya ulimi, Ami. Mwisho wake mwingine umeshafika tumboni." Alizima kurunzi. "Kuna mtu aliyeuvuta?"

"Hapana."

Neno lilitoka lenyewe, haraka, kama la mtoto aliyevunja bilauri.

"Afadhali. Ukivutwa unakata utumbo, kama waya kwenye sabuni. Watu wengi wanafanya kosa hilo." Alivuta daftari. "Paka wa nani, niandike? Kama ni wa mtaani, gari la manispaa linapita saa tisa, wanawatibu bure. Namtundikia dripu, anangoja."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

"Na kama kuna aliyeuvuta?"

"Hapo hakuna kungoja. Nampasua sasa hivi." Alitazama daftari. "Lira elfu kumi na nane, Ami. Na hapo nimeshaondoa ujira wa mkono wangu."

Elfu kumi na nane zilikuwepo. Zilikuwa kwenye mkebe wa vifungo, nyuma ya cherehani, na zilikuwa pamba. Pamba ya mifarishi ya bibi harusi wa mwezi ujao, kazi pekee kubwa aliyoipata tangu watu waanze kununua blanketi za dukani zinazofuliwa kwa mashine. Bila pamba hiyo angebaki na satini tupu na mdomo wa kuombea radhi.

Kestane aliinua kichwa. Akakisukuma ndani ya mkono wa koti la Nazmi, kama afanyavyo kila mkokoteni wa vyuma chakavu unapopita mtaani ukipiga kelele. Akatulia humo.

"Nimeuvuta," Nazmi alisema.

"Ami!"

"Mara moja. Ukagoma, nikaacha."

"Kwa nguvu?"

"Kama unavyovuta mshono."

Berrin alikuwa ameshafungua bomba, ananawa mikono mpaka viwikoni. "Na jina la mwenye paka?"

"Nazmi. Mshona mifarishi. Andika."

Alikwenda kuleta mkebe, akaumwaga mezani, vifungo na noti pamoja. Daktari alimwambia arudi dukani, atakuja mwenyewe kumwambia.

Dukani Nazmi hakukaa. Alipiga magoti tena, akaokota nyuzi. Zilikuwa kila mahali: chini ya jukwaa la kushonea, kwenye nyufa za mbao, zimenata kwenye soksi zake mwenyewe. Hakuwahi kuziona kuwa ni nyingi hivyo. Aliziviringisha kwenye kibao, nyekundu na nyeupe na rangi ya dhahabu, mpaka kikawa kama ngumi.

Hayri alirudi kuchukua bilauri. Chai ilikuwa imepoa, haijaguswa.

"Wanasema umetoa pesa ya pamba."

"Nimetoa."

"Bibi harusi ajifunike nini?"

"Ajifunike mume."

Hayri alicheka, akaona anacheka peke yake. Alikaa kwenye kizingiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi.

"Atapona?"

"Niulize mambo ya satini."

Dawa pekee aliyoijua Nazmi ya kungoja ilikuwa kazi. Akapanda jukwaani, akakunja miguu, akavaa kastabani kidoleni. Mfarishi uliokuwa umeanza kushonwa ulikuwa na waridi katikati, limebakiza petali moja tu kukamilika. Akatunga uzi mwekundu, akachoma satini, sindano ikatokea upande wa pili.

Ng'ambo ya barabara mlango ulifunguliwa. Berrin alisimama kizingitini, akivua glavu taratibu, akilitafuta duka kwa macho.

Hayri aliinuka.

Nazmi alibaki ameishika sindano hewani. Nyuma ya sindano uzi ulilala juu ya satini, umelegea, na hakuuvuta.